Kesi ya Nyeri na Elimu ya Sheria za Mataifa

Wakikuyu wana methali isemayo kwamba asiyetembea hudhani mama yake ndiye mpishi bora kuliko wote. Methali hii haikusudii kumvunjia mama heshima. Yakusudia kumwonya mtoto kwamba chungu kimoja hakiwezi kuwa kipimo cha vyungu vyote. Aliyekula katika nyumba mbili aweza kukisifu chakula cha kwao kwa haki, maana amepata cha kukilinganisha nacho. Tena aweza kujua ni wapi chumvi imepungua.

Ndivyo ilivyo katika sheria. Mtu aliyekua chini ya sheria ya nchi moja huiona kama mvua na jua, kitu kilichokuwapo tangu asili na kisichoweza kuwa vingine. Akisoma sheria ya nchi ya pili hutambua kwamba sheria ni kazi ya wanadamu, na kwamba jambo lile lile, kama vile urithi wa binti au adhabu ya kifo, limeamuliwa kwa njia nyingi duniani. Elimu ya kuzipima sheria za nchi mbalimbali kwa kuziweka bega kwa bega huitwa sheria linganishi. Elimu ya kanuni zinazozifunga nchi zenyewe, zinapofanya mikataba, zinapopigana vita au zinapogombea mipaka, huitwa sheria za mataifa. Elimu hizi mbili ni ndugu, na aghalabu hufundishwa pamoja.

Siku hizi elimu hizo zaweza kusomwa hadi shahada ya uzamili, kwa njia ya mtandao, na mtu asiyeondoka Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu wala Meru. Mwalimu wake yuko ng'ambo ya bahari, maktaba yake imo ndani ya kompyuta, na mtihani wake humfikia nyumbani. Lakini wako waulizao: watu wa nchi ya chai na kahawa wana haja gani na sheria za mataifa? Je, hilo si pambo la wenye nafasi? Swali hilo ni la haki, na jibu lake halihitaji kutafutwa mbali. Limo katika historia ya mlima wenyewe. Tuitazame, msomaji, kwa mpango wa miaka.

Tuanze upande wa magharibi na kaskazini ya mlima, katika nyanda za Laikipia. Mwaka 1904 serikali ya Uingereza ilifanya mapatano na viongozi wa Wamaasai. Wamaasai walikubali kuyaacha malisho yao ya Bonde la Ufa na kukaa katika sehemu mbili, mojawapo ikiwa Laikipia, nao wakaahidiwa kwamba nchi hizo zitakuwa zao muda wote kabila lao litakapokuwapo duniani. Ahadi hiyo haikudumu hata miaka kumi. Mwaka 1911 yaliandikwa mapatano mengine ya kuwahamisha kutoka Laikipia kwenda kusini, ili Laikipia ipate kukaliwa na walowezi. Baadhi ya Wamaasai hawakukubali. Hawakushika mikuki, walishika njia ya mahakama, wakamweka wakili na kuishtaki serikali. Kesi hiyo yajulikana kwa jina la Ole Njogo.

Mwaka 1913 walishindwa, kwanza katika Mahakama Kuu, kisha katika rufani. Sababu iliyotolewa na majaji yafaa ikumbukwe na kila kijana. Walisema kwamba nchi hii wakati huo haikuwa koloni, bali ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tu. Kwa hiyo Wamaasai walikuwa taifa geni, na mapatano yao na Waingereza yalikuwa mkataba baina ya mataifa mawili. Mkataba wa namna hiyo, wakasema, ni jambo la serikali na serikali, wala mahakama ya kawaida haina uwezo wa kuuamua. Basi Wamaasai walipewa heshima ya kuitwa taifa, na heshima hiyohiyo ikawa ndiyo sababu ya kufungiwa mlango.

Miaka 7 baadaye, mwaka 1920, nchi ilifanywa koloni. Mwaka 1921 ilikuja mbele ya Jaji Mkuu Jacob Barth kesi ya ardhi baina ya Wakikuyu wenyewe. Yeye aliamua kwamba kwa nguvu ya sheria ya ardhi ya mwaka 1915 na tangazo la kuifanya nchi kuwa koloni, ardhi yote ya wenyeji ilikuwa mali ya Mfalme, nao walikuwa wapangaji tu wanaokaa kwa hiari yake. Tazama jinsi mizani ilivyogeuzwa. Mwaka 1913 Mwafrika aliambiwa: wewe ni mgeni, hukumu zetu hazikuhusu. Mwaka 1921 aliambiwa: wewe ni mpangaji, ardhi si yako. Kwa mlango wa kwanza hakuingia kwa kuwa alikuwa taifa; kwa mlango wa pili hakuingia kwa kuwa hakuwa taifa. Anayezisoma hukumu hizo mbili pamoja huona mara moja kwamba haziwezi kutoka katika moyo mmoja wa haki. Anayesoma moja peke yake aweza kudanganyika. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kulinganisha.

Nani angewafumbulia wenyeji mambo haya? Hapakuwa na shule ya sheria katika nchi. Serikali ya kikoloni iliona afadhali Mwafrika asomee ualimu, kilimo au uganga kuliko sheria, kwa maana mwalimu hufundisha na mganga hutibu, bali mwanasheria huuliza maswali. C. M. G. Argwings-Kodhek, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili, alirudi kutoka Uingereza katika miaka ya 1950 na kuwatetea watu walioshtakiwa kwa Mau Mau. Alikuwa kama mtu mmoja mwenye ndoo moja penye nyumba nyingi ziwakazo moto. Ndiyo sababu Jomo Kenyatta na wenzake 5 waliposhtakiwa Kapenguria, mwishoni mwa mwaka 1952, mawakili wao walitoka pande nyingi za dunia: D. N. Pritt wa Uingereza, H. O. Davies wa Nigeria, Dudley Thompson wa Jamaika na Chaman Lall wa India, pamoja na mawakili Wahindi wa Nairobi. Watu wa mataifa mbalimbali, waliosoma sheria moja ya Kiingereza na kuiona ikitumiwa vingine katika nchi zao, walikutana katika chumba kimoja. Hilo lenyewe lilikuwa darasa la sheria linganishi.

Sasa tufike Nyeri. Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, pembeni ya msitu wa Nyandarua upande wa Tetu, Dedan Kimathi, mkuu wa wapiganaji wa msituni, alipigwa risasi ya mguu akakamatwa. Alikuwa mzaliwa wa wilaya hiyohiyo. Mwezi uliofuata, tarehe 19 Novemba, alisimamishwa mbele ya Jaji Mkuu wa Kenya, Sir Kenneth O'Connor, mjini Nyeri. Msomaji aweza kudhani kwamba alishtakiwa kwa vita, au kwa uasi, au kwa mauaji. La hasha. Alishtakiwa kwa kuwa na bastola na risasi pasipo kibali. Chini ya kanuni za Hali ya Hatari kosa hilo lilikuwa na adhabu moja tu, yaani kifo. Jaji aliyemwona mshtakiwa ana hatia hakuwa na nafasi ya kupima adhabu nyingine.

Yako mambo matatu katika kesi hiyo ambayo mwanafunzi wa sheria linganishi hayapiti bila kusimama. La kwanza ni baraza lililoisikiliza. Kama mshtakiwa angalikuwa Mzungu, angalihukumiwa mbele ya watu wa rangi yake waliochaguliwa kuamua kama ana hatia au hana, kama ilivyo desturi ya Uingereza. Kwa kuwa alikuwa Mwafrika, waliketi wazee wa baraza watatu ambao kazi yao ilikuwa kutoa shauri tu, na jaji hakufungwa nalo. Wazee hao walimwona ana hatia, na jaji vilevile. Lakini swali halifi kwa sababu hiyo. Sheria moja, mahakama moja, na ngozi mbili zilikuwa na njia mbili.

La pili ni utetezi wake. Kimathi alisema, kwa kinywa chake na kwa wakili wake F. H. Miller, kwamba alikuwa akitoka msituni ili ajisalimishe, kwa kuwa serikali ilikuwa imetoa mwito wa kujisalimisha. Mahakama haikusadiki. La tatu ni lugha. Kesi iliendeshwa kwa Kiingereza, na maisha ya mtu yalipita katika kinywa cha mkalimani. Tarehe 27 Novemba alihukumiwa kifo. Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki iliikataa rufani yake mwezi wa Desemba. Baraza la Malkia huko London, lililokuwa mahakama ya mwisho kwa makoloni, likakataa kumsikiliza mwezi wa Januari 1957. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Yeye alikuwa mmoja tu wa watu wasiopungua 1,000 walionyongwa kwa hukumu za mahakama katika miaka ya Hali ya Hatari.

Kwa miaka mingi kumbukumbu za kesi hiyo zilidhaniwa zimepotea. Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo waliutungia mchezo wa kuigiza ushujaa wa Kimathi mwaka 1976, na mchezo huo umesomwa shuleni na vijana wengi. Hatimaye kumbukumbu zenyewe zilipatikana, na Julie MacArthur akazichapisha katika kitabu mwaka 2017. Mchezo watuonyesha moyo wa mtu. Kumbukumbu zatuonyesha mitambo ya sheria iliyomsaga. Vyote viwili vyafaa.

Je, sheria za mataifa zilisema nini wakati ule? Hapa ndipo penye uchungu wa habari hii. Mwaka 1949 mataifa yalitia sahihi Mikataba ya Geneva juu ya vita. Kifungu cha 3 cha mikataba hiyo chasema kwamba hata katika vita vya ndani ya nchi, wasioshika tena silaha watatendewa kwa utu, wala mtu hatanyongwa pasipo hukumu ya mahakama halali yenye kumpa nafasi za kujitetea. Uingereza ilitia sahihi mwaka 1949, lakini haikuithibitisha mikataba hiyo mpaka Septemba 1957, yaani miezi 7 baada ya Kimathi kunyongwa. Tena serikali ilishikilia kwamba mambo ya Nyandarua na Mlima Kenya hayakuwa vita, bali uhalifu. Jina likibadilika, sheria hubadilika.

Ulikuwapo pia Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Wachache wajua kwamba Uingereza iliupanua mkataba huo mpaka Kenya katika Oktoba 1953, mwaka mmoja baada ya kutangazwa Hali ya Hatari. Kisha mwaka 1954 ikatoa taarifa ya kujitoa katika baadhi ya vifungu vyake kwa ajili ya hali ya Kenya. Kwa hiyo, karatasini, mtu aliyefungiwa kambini Embu au Nyeri alikuwa na haki zilizoandikwa Ulaya. Lakini hakuruhusiwa kupeleka malalamiko yake mwenyewe. Uingereza haikukubali malalamiko ya mtu mmoja mmoja mpaka mwaka 1966. Ni nchi moja tu iliyoweza kuishtaki nchi nyingine.

Linganisha sasa na kisiwa cha Kipro. Huko nako palikuwa na Hali ya Hatari, misitu, mabomu na vizuizi, chini ya serikali hiyohiyo ya Uingereza. Lakini Wakipro wengi walikuwa wa asili ya Kigiriki, na Ugiriki ilikuwa dola yenye kiti katika Ulaya. Mwezi wa Mei 1956, miezi 5 kabla ya Kimathi kukamatwa, Ugiriki iliishtaki Uingereza mbele ya Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu kwa mambo iliyoyatenda Kipro. Ilikuwa mara ya kwanza kwa dola moja kuishtaki nyingine chini ya mkataba ule. Mlima Kenya haukuwa na dola ya kuusemea. Ghana ilikuwa bado kupata uhuru wake, na Kenya yenyewe ilikuwa na miaka 7 mbele yake. Basi tofauti ya Kipro na Nyeri haikuwa katika maumivu ya watu. Ilikuwa katika swali moja: nani anaijua njia, na nani ana ruhusa ya kuipita?

Miaka zaidi ya 50 ilipita. Ruhusa ilikwisha kupatikana kwa uhuru wa mwaka 1963. Lililobaki lilikuwa kuijua njia. Dalili yake ilionekana mwaka 2002, wakati wafugaji wa Kimaasai na Kisamburu wa kaskazini ya mlima, walioumizwa na mabomu yaliyoachwa katika viwanja vya mazoezi ya majeshi, walipolipwa fidia na serikali ya Uingereza. Kisha mwezi wa Juni 2009 wazee 5 waliovumilia kambi za vizuizi walifungua kesi mjini London. Miongoni mwao walikuwamo Wambugu wa Nyingi, aliyenusurika kipigo cha Hola cha Machi 1959 kilichoua watu 11, na Jane Muthoni Mara, aliyeteswa akiwa bado binti mdogo. Walisaidiwa na mawakili wa Uingereza na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, shirika lisilo la serikali.

Serikali ya Uingereza haikuanza kwa kusema kwamba hawakuteswa. Ilianza na hoja ya sheria za mataifa. Ilisema kwamba Kenya ilipopata uhuru, madeni yote ya serikali ya koloni yalihamia kwa serikali mpya. Kwa hiyo wazee hao waidai Nairobi, si London. Angalia hoja hiyo kwa makini. Nayo ni ndugu wa hoja ya mwaka 1913: mlango huu si wako, nenda mlango mwingine. Lakini safari hii walikuwapo watu waliojua kuijibu. Tarehe 21 Julai 2011 Jaji McCombe alikataa kuitupa kesi, akasema kwamba iko hoja ya kutosha ya kusikilizwa. Katika mwaka huohuo ilijulikana wazi kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imeficha katika bohari la Hanslope Park mafaili kama 8,800 yaliyotolewa katika makoloni 37, Kenya ikiwamo.

Ikaja hoja ya pili, ya muda. Katika sheria ya Uingereza, mwenye kudai fidia kwa kuumizwa mwili hana budi kudai kabla ya miaka michache kupita, isipokuwa jaji akiona ni haki kumpa nafasi. Hawa walikawia zaidi ya miaka 50. Tarehe 5 Oktoba 2012 jaji aliamua kwamba wadai watatu waweza kuendelea, kwa sababu maandishi ya wakati ule yalikuwa mengi mno, na kesi ya haki bado iliwezekana. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza Bungeni kwamba yajutia yaliyotendeka, na kwamba italipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Ukumbusho wa walioteswa ulijengwa Nairobi katika bustani ya Uhuru, ukafunuliwa mwezi wa Septemba 2015.

Mwanafunzi wa sheria linganishi hasimami hapo. Huuliza: nchi nyingine zingeamuaje swali hilohilo la muda? Mwaka 1947 askari wa Uholanzi waliwaua wanaume wa kijiji cha Rawagede katika kisiwa cha Java. Wajane wao walifungua kesi Uholanzi wakiwa vikongwe, na serikali ikajibu kwamba muda umepita. Mwezi wa Septemba 2011 mahakama ya The Hague iliamua kwamba katika jambo zito kama hilo, serikali kujificha nyuma ya muda si uadilifu. Basi mahakama mbili, katika miaka miwili iliyofuatana, ziliufungua mlango mmoja kwa funguo mbili: London kwa ufunguo wa ushahidi, The Hague kwa ufunguo wa uadilifu. Tena ufunguo wa London ulikuwa na mpaka wake. Wadai wengine zaidi ya 40,000 kutoka Kenya waliofuata njia hiyo walishindwa mwaka 2018, na sababu kubwa ilikuwa urefu wa muda na kufa kwa mashahidi. Kijana asidanganyike kwamba elimu ya sheria hushinda kila siku. Hushinda mara nyingine. Bali ujinga wa sheria hushindwa daima.

Na nyumbani je? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 2, yasema kwamba kanuni za jumla za sheria za mataifa ni sehemu ya sheria ya Kenya, na kwamba mkataba wowote uliothibitishwa na Kenya ni sehemu ya sheria yake. Maana yake ni kwamba hakimu wa Karatina, Kerugoya au Chuka aweza kuwekewa mezani mkataba wa mataifa naye asiweze kusema haumhusu. Vivyo hivyo sheria linganishi. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyeua, pasipo kumwachia nafasi ya kupima, kwapingana na Katiba. Kabla ya kufika huko majaji walipima hukumu za nchi nyingine, zikiwamo Uganda na Marekani. Msomaji atakumbuka ile kanuni iliyomfunga mikono jaji wa Nyeri mwaka 1956. Kanuni hizo si moja, wala makosa si mamoja. Lakini swali lililo ndani yao ni moja, nalo lilingoja miaka 61 kupata jibu.

Baada ya kuona hayo, twaweza kurudi kwa yule aketiye Nyeri na kompyuta yake. Kusoma sheria kwa mbali si jambo lililozaliwa jana. Chuo Kikuu cha London kilianza mwaka 1858 kuwatahini watu wasiokaa London, nao waliosoma kwa barua na vitabu katika pembe zote za dunia walipata shahada. Chuo Kikuu cha Afrika ya Kusini kilishika njia ya kufundisha kwa posta mwaka 1946. Nelson Mandela, aliyeanza masomo ya sheria mwaka 1943, alikamilisha shahada yake kwa chuo hicho mwaka 1989, naye bado ni mfungwa. Karibu nasi, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, nacho hufundisha sheria. Kenya nayo ilikipa hati Chuo Kikuu Huria chake mwaka 2023. Wakati huohuo shule za kukaa darasani ziliongezeka: kitivo cha sheria cha Dar es Salaam mwaka 1961, Shule ya Sheria ya Kenya mwaka 1963, kitivo cha Nairobi mwaka 1970. Mtandao umeongeza wepesi tu katika kazi iliyokwisha kuanzwa na posta.

Wepesi huo ni mkubwa. Hukumu za mahakama za Kenya hutolewa bure kwenye mtandao na Baraza la Taifa la Kuchapisha Taarifa za Sheria. Hukumu za Mahakama ya Haki ya Kimataifa ya The Hague, na za Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, husomwa vivyo hivyo. Karatasi ambazo wakili wa mwaka 1956 angezingoja kwa meli, au asizipate kamwe, mwanafunzi wa Othaya huzifungua kabla chai yake haijapoa. Akijiandikisha katika shahada ya uzamili, atapewa masomo kama vile haki za binadamu, mikataba, mgongano wa sheria za nchi mbalimbali na ulinganishi wa katiba. Ataandika insha nyingi, na mwisho tasnifu. Wengi husoma jioni baada ya kazi, kwa mwaka mmoja au zaidi.

Lakini hatuna budi kusema na ya upande wa pili, maana sifa isiyo na kasoro huitwa uongo. Shahada hiyo peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili wa Kenya. Wakili lazima awe na shahada ya kwanza ya sheria na kupita Shule ya Sheria ya Kenya. Yampasa mwanafunzi kuhakikisha, kabla ya kulipa hata shilingi moja, kwamba chuo ni cha kweli na kwamba shahada yake hukubaliwa na vyombo vya serikali vinavyohusika. Ada zaweza kuwa nzito, na umeme waweza kukatika usiku wa kuamkia mtihani. Tena sheria hunolewa kwa kubishana, kama panga linolewavyo kwa jiwe. Asomaye peke yake hana budi kutafuta wenzake, hata wawili, wa kubishana naye.

Iko hatari nyingine iliyofichika zaidi. Mtu aweza kuzisoma sheria za Geneva na Washington mpaka akayasahau mahakama ya mji wake. Huyo amekosa nusu ya elimu, kwa maana mlinganishaji huhitaji vitu viwili mkononi, na kimoja ni cha kwao. Afadhali aanze na swali moja dogo, kama hili la muda, alitazame Nairobi, London na The Hague, na kuandika kila mahakama ilisema nini na kwa sababu gani. Akifanya hivyo mara 10 atakuwa amejifunza kuliko aliyekariri vitabu 10.

Wamaasai wa mwaka 1913 walikuwa na haki, na walikuwa na ujasiri wa kuidai. Walikosa mtu wa kwao wa kuwaambia kwamba heshima waliyopewa ilikuwa mtego. Kimathi alikuwa na mikataba miwili ya dunia iliyomhusu. Mmoja ulikuwa haujathibitishwa, na wa pili haukumpa kinywa. Wazee wa mwaka 2009 walikuwa wamezeeka, wanatembea kwa mikongojo, na mashahidi wao wengi wamekwisha kufa. Lakini walikuwa na watu walioijua sheria ya Kenya na ya Uingereza na ya mataifa kwa pamoja. Hilo ndilo lililoleta tofauti. Sheria za dunia hazitaacha kuufikia Mlima Kenya, kama zilivyoufikia Laikipia zamani zile, ziwe za ardhi, za majeshi, za biashara ya chai au za maji ya mito. Zitafika kwa lugha ngumu na karatasi nyingi. Yafaa siku hiyo wawepo vijana wa Nyeri na Meru na Embu waliokwisha kuzisoma.